Je, wajua kiduha husikia njaa ya mahindi?

Aliyelima mahindi kwenye mchanga wa Kerege anakijua kiduha: kijimea kifupi, ua jekundu la kupendeza, na kando yake mahindi yaliyosinyaa ilhali mvua imenyesha. Wapo wanaosema shamba limerogwa. Huniuma kusikia hivyo, maana siri yote imo udongoni.

Mahindi yakikosa fosforasi, mizizi hutoa kemikali iitwayo strigolaktoni. Huo ni wito. Kuvu waishio ardhini huufuata, huingia mzizini, na kwa nyuzi zao huchota fosforasi kutoka mahali mzizi usipofika. Ujira wao ni sukari. Katika mimea mingi kemikali hiyohiyo huzuia matawi ya pembeni yasichipue, kidogo kilichopo kisitapanywe. Mmea wenye njaa hubana matumizi na kuomba msaada kwa wakati mmoja.

Kiduha nacho husikiliza. Mbegu yake ni kama chembe ya vumbi, haina akiba ya kujilisha. Basi hulala, pengine zaidi ya miaka 10, hadi ipate unyevu na dalili ya mzizi ulio jirani. Hapo huchipua, hujipachika mzizini na kunyonya. Mahindi yakidhani yana kiu, hupeleka nguvu mizizini badala ya kwenye bua, na mwizi ndiye anayenenepa. Kinapotokeza juu ya ardhi, hasara kubwa imeshafanyika.

Watafiti waliipata kemikali hii ya wito mwaka 1966, katika mizizi ya pamba, kwa sababu huamsha mbegu za kiduha. Ilichukua hadi 2005 kwa wataalamu wa Japani kuonyesha kuwa kumbe walioitwa ni kuvu. Kwa karibu miaka 40 tulimjua mdukuzi tu.

Jambo ni hili: udongo ukizidi kuchoka, wito huzidi. Kila kiangazi tunachoma mabua, samadi tunaiacha ioze zizini, halafu tunamnyooshea jirani kidole. Kiduha hustawi pale tulipoacha kuulisha udongo.

La kufanya: samadi, mahindi kwa zamu na kunde au marejea, muhogo, ambao kiduha hakiugusi, mmea uitwao desmodiamu, kama wanavyofundisha watafiti wa kituo cha icipe kule Kenya, na kung'oa kabla ya mbegu kukomaa, maana mche mmoja humwaga maelfu.