Panya wa Maabara na Mtoto wa Makindu

Mwalimu wa Makindu akiona taya la mwanafunzi limevimba, asikimbilie kusema ni jino. Huenda ni saratani aliyoieleza daktari Denis Burkitt mwaka 1958, baada ya kuwaona watoto wagonjwa mjini Kampala. Mwaka 1985 wataalamu wa Melbourne, Australia, waliwatia panya jeni iitwayo myc, ambayo huhama mahali pake katika saratani hiyo. Panya wakaugua saratani ya chembe nyeupe za damu. Kwa panya wa namna hiyo hujaribiwa dawa za kulenga chembe gonjwa kabla ya kumfikia mtoto. Lakini dawa huanzia kwenye jicho la mwalimu. Mjulishe mzazi mapema, kwani saratani hiyo hutibika ikiwahiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.