Ndege Ndogo Inapohama Nchi
Somo la redio kwa watu wazima

Mwenye daftari na kalamu aviweke karibu, na kiongozi wa kikundi awasogeze wenzake redioni, maana leo tutataja herufi na tarakimu ambazo yafaa kuziandika.

Somo letu ni ndege ndogo ya mtu binafsi: hununuliwaje, na huandikishwaje mwenyewe anapohama kutoka nchi moja kwenda nyingine. Huenda mtu wa Segese akauliza, "Jambo hilo lanihusu nini mimi mwenye jembe na baiskeli?" Lakini ndugu, ndege hizo mwaziona. Zashuka katika kiwanja cha mgodi wa Bulyanhulu, na zashuka Geita. Aliyeanza na baiskeli amewahi kuishia na lori, na mwenye lori aweza kutamani ndege. Tena yafaa mtu anayepanda chombo ajue kusoma chapa yake.

Tuanze na jambo mnalolijua: ng'ombe. Mtu akinunua ng'ombe mnadani, hatoi fedha na kuondoka tu. Hutazama chapa, hudai stakabadhi, huchukua kibali cha kumhamisha. Akikutwa njiani hana karatasi, atadhaniwa mwizi hata kama alilipa kwa haki. Ndege ni vivyo hivyo, ila chapa yake ni ya taifa zima.

Mwaka 1944 wajumbe wa mataifa walikutana Chicago, Marekani, wakatia sahihi mkataba wa usafiri wa anga. Shikeni mambo matatu ya mkataba huo. Kwanza, ndege huwa na uraia wa nchi ambayo imeiandika katika daftari lake. Pili, ndege haiwezi kuandikwa kwa halali katika nchi mbili kwa wakati mmoja, ingawa yaweza kuhamishwa. Tatu, ndege inayosafiri nchi za nje sharti ionyeshe alama ya taifa lake na alama yake yenyewe.

Sasa andikeni: Tanzania ni 5H. Kenya ni 5Y. Uganda ni 5X. Kabla ya uhuru, ndege za Tanganyika zilikuwa na VR-T, za Kenya VP-K, na za Uganda VP-U. Hata Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946 likafa mwaka 1977, lilikuwa mali ya nchi zetu kwa ushirika, lakini kila ndege yake ilibeba chapa moja tu. Katika ndege zake kubwa za VC10, moja iliitwa 5X-UVA, nyingine 5H-MMT, na nyingine 5Y-ADA.

Kwa nini chapa iwe moja? Kwa sababu nchi iliyoandika ndege ndiyo yenye dhamana juu yake. Ndiyo itoayo cheti kwamba ndege yafaa kuruka, na ndiyo itoayo leseni ya rubani wake, au kuikubali ile iliyotolewa kwingine. Mtoto akiwa na baba wawili, siku ya ugonjwa kila mmoja humsukumia mwenziwe.

Lakini je, kila ndege inayovuka mpaka sharti ibadilishe chapa? La. Mgeni habadilishi uraia kwa kulala siku chache. Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoka Ujerumani kuja Serengeti kuhesabu wanyama, miaka ya mwisho ya 1950. Ndege yao ndogo, iliyopakwa milia kama punda milia, iliitwa D-ENTE. Ile D ni ya Ujerumani. Michael alikufa katika ndege hiyo tarehe 10 Januari 1959, ilipogongana na tumbusi. Basi mgeni huja na chapa ya kwao, kwa ruhusa ya nchi anayoingia. Anayehamia ndiye mwenye kazi ya kuhamisha daftari.

Tuchukue mfano. Mwenyeji wa Segese amefanya biashara Nairobi miaka mingi. Sasa arudi nyumbani, naye ataka kununua ndege ya viti vinne, yenye alama 5Y, aje nayo. Afanye nini?

Kwanza, kabla ya kutoa hata shilingi moja, aulize katika daftari la Kenya: mwenye ndege ni nani, na je, imewekwa rehani? Kuonyeshwa cheti cha uandikishaji peke yake hakutoshi. Adai hati ya mauzo yenye sahihi ya mwenye mali hasa.

Pili, amwajiri fundi wa ndege mwenye leseni, asiye mtu wa muuzaji. Fundi alinganishe nambari ya kiwanda iliyogongwa katika ndege na ile iliyo katika karatasi. Asome madaftari ya matengenezo ya mwili, ya injini na ya pangaboi. Daftari likipotea, thamani ya ndege imepotea pamoja nalo.

Tatu, aandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, aulize kama yeye anaruhusiwa kuandikisha, na kama ndege ya aina hiyo itakubaliwa. Aulize forodha pia habari za ushuru. Maswali haya ni ya kabla ya kununua.

Nne, ndege ifutwe katika daftari la Kenya, na Kenya iithibitishie Tanzania kwamba imefutwa. Hapa pana shimo. Ndege iliyokwisha kufutwa na bado haijaandikwa upya haina taifa, wala haina ruhusa ya kuruka. Ikifutwa ingali Nairobi, yaweza kukaa chini miezi huku mwenyewe akilipia maegesho. Basi apange na mamlaka zote mbili siku ya kufuta, siku ya kuandika, na njia ya kuisafirisha.

Tano, ipakwe alama ya 5H, ipate vyeti vipya, kibali cha redio na bima. Asiruke hata safari moja kabla ya hapo. Ajali ikitokea wakati vyeti havina nguvu, kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa, na deni likabaki kwa mjane na watoto.

Sasa zimeni redio, mjadili maswali haya:

1. Ndege yenye 5Y imetua Bulyanhulu. Ni nchi gani yenye dhamana ya cheti chake cha kuruka?
2. Kwa nini ni hatari kuifuta ndege katika daftari kabla ya kupanga itaandikwa lini na wapi?
3. Muuzaji asema, "Lipa leo, karatasi zitafuata." Mtamjibu nini?

Kwaherini.