Kikombe cha nta chini ya mlima wa Ngomo

Ukifungua injini ya lori kuukuu linalofanya kazi kati ya Uvira na Bukavu, mashariki mwa Kongo, usishangae kukuta nyumba ya themostati iko tupu. Kifaa chenyewe kilishatolewa zamani, pengine na fundi wa mwenye gari wa kwanza, pengine na dereva akiwa njiani, kikatupwa kwenye kisanduku cha spana. Sababu inayotolewa ni moja: lori lilikuwa likichemsha mlimani. Themostati huzuia maji, ndivyo wengi wanavyoamini, na kizuizi kikiondoka maji yatakimbia, injini itapoa. Maelezo hayo yamenyooka mno hata mtu huona haya kuuliza swali la pili. Mbona lori hilohilo, lisilo na themostati, bado linapanda likiwa na madumu ya maji yaliyofungwa ubavuni?

Njia yenyewe inajulikana. Uvira iko ukingoni mwa Tanganyika, mita kama 770 juu ya usawa wa bahari. Barabara namba 5 inapita Kiliba, Sange na Luvungi katika uwanda wa Ruzizi, joto kali na tambarare tupu, hadi Kamanyola. Hapo ndipo Ngomo inapoanza: kona, mawe na korongo, kuelekea Nyangezi na Bukavu, mji ulio kando ya ziwa Kivu kwenye mita 1,460. Wapo wanaoukwepa mlima kwa kuzungukia Bugarama ya Rwanda, ingawa huko nako ni kupanda. Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, dereva wa njia hii ana hofu kubwa kuliko sindano ya joto. Lakini sindano haijui siasa.

Hesabu kidogo. Kuinua gari la tani 30 kwa mita 700 kunahitaji nishati iliyomo katika lita kama 6 za mazuti. Injini ya dizeli haiwezi kuzitumia zote kwa kazi. Sehemu kubwa ya moto wake hupotea. Kwa hiyo lazima ziungue lita kama 15 kwa ajili ya kupanda tu, kabla hujahesabu matope na mawe. Zile 9 zilizozidi ni joto tupu. Baadhi ya joto hilo hutokea kwenye ekzosi, na linalobaki lazima libebwe na maji hadi kwenye rejeta, wakati gari linatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea na hakuna upepo unaoipiga pua yake isipokuwa ule wa feni.

Sasa turudi kwenye kile kilichotupwa, maana ni kifaa cha ajabu. Themostati haina waya wala umeme. Ina kikombe kidogo cha metali kilichojazwa nta iliyochanganywa na unga wa shaba, na ndani ya nta umesimama msumari uliovalishwa mpira. Maji yakifika joto lililopigwa chapa juu yake, mara nyingi nyuzi 82 au karibu na hapo, nta inaanza kuyeyuka. Ikiyeyuka inatanuka, na kwa kuwa haina pa kwenda inausukuma msumari kwa nguvu inayoishinda springi, mlango unafunguka. Injini ikipoa, nta inaganda, springi inaurudisha mlango mahali pake. Sergius Vernet aliibuni namna hii ya kutumia nta huko Marekani katika miaka ya 1930, na mpaka leo malori ya dunia nzima yanaitegemea.

Fundi anayejua kazi yake haitupi kabla ya kuipima. Huifunga uzi, akaitumbukiza katika sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, isiguse chini, akangoja. Maji yakikaribia kuchemka nayo imebaki imefunga mdomo, imekufa; inunuliwe nyingine. Ikifunguka taratibu, basi haina kosa lolote, na ugonjwa utafutwe kwingine. Kipimo hiki hakina gharama ila mkaa kidogo na subira.

Fundi huyo pia ndiye atakayekuonyesha siri iliyo upande wa chini wa kifaa. Katika injini nyingi za malori, themostati ina sahani mbili. Ya juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Ya chini, wakati huohuo, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Ukiiondoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi saa zote. Maji hupenda njia fupi. Sehemu yake kubwa itazunguka ndani ya injini ikiwa na joto lilelile, huku rejeta ikipata mabaki. Kwenye uwanda wa Ruzizi dereva haoni kitu. Anapofika Ngomo, ambako kila lita ya maji inahitajika kwenye rejeta, ndipo lori linapochemsha zaidi kuliko zamani. Dawa imekuwa ugonjwa.

Mkosaji halisi, mara nyingi, ni kifuniko cha rejeta. Kwa Uvira maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kwa Bukavu, kwenye 95, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kifuniko kizima hubana mgandamizo na kukisogeza kiwango hicho hadi kupita nyuzi 110. Kifuniko kilicholegea, au kitambaa kilichofungwa kwa raba mahali pa kifuniko, kinakirudisha kwenye 95, yaani karibu na joto ambalo injini hulifanyia kazi siku zote.

Halafu maji yenyewe. Tanganyika ni ziwa la maji ya magadi, yenye madini mengi ya magnesi. Konvoyeri, msaidizi wa dereva, anayechota dumu ufukweni Kalundu, bandari ya Uvira, na kulimimina kwenye rejeta anamimina na magamba. Yanajipaka ndani ya vijitundu mwaka hadi mwaka na kuifunika metali kama blanketi. Maji ya mvua yangefaa zaidi, na dawa ya rejeta yenye glikoli ingefaa kuliko yote, lakini mwenye gari huiona ni anasa ya nchi za baridi.

Kiu ya injini milimani si ya leo katika Kongo hii. Mwaka 1915 Waingereza walizikokota mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kuvuka milima ya Mitumba kwenda Tanganyika, wakitumia matrekta ya mvuke, na maji yalipokosekana wakalipwa wanawake wa vijijini kuyabeba kwa vyungu ili matrekta yanywe.

Dereva mkongwe ana mbinu zake, nazo ni za kweli. Huingia gia ndogo kabla mlima haujamlazimisha, maana injini ikizunguka haraka, pampu na feni nazo huzunguka haraka. Hufungua hita ya kabini mpaka mwisho, yeye akitokwa jasho, ili joto lipate tundu jingine la kutokea. Akisimama hazimi, huiacha injini ikizunguka bila mzigo mpaka sindano ishuke. Hagusi kifuniko, wala hamwagi maji baridi juu ya injini iliyoungua, kwa kuwa silinda hedi hupasuka.

Kinachobaki hakina spana. Lori hujazwa kupita kipimo chake na mtu ambaye hapandi nalo. Nani atamwambia tajiri apunguze magunia, na dereva atalipwa nini akikataa kuondoka? Na anayekwama katikati ya Ngomo jioni analala na mzigo wa nani?

Wenye malori wa Uvira, Baraka na Bukavu, kabla hamjamkata dereva mshahara kwa gasketi iliyoungua, nunueni kifuniko kipya, safisheni rejeta, rudisheni themostati iliyotengenezwa kwa injini hiyo, na pakieni tani zilizoandikwa kwenye gari.