Majivu ya Marehemu na Utunzaji wa Mazingira: Mambo ya Kuzingatia

Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, alifariki dunia tarehe 25 Septemba 2011 akiwa ameacha wasia kwamba asizikwe katika jeneza la mbao. Jeneza lake lilifumwa kwa gugumaji na mafunjo juu ya fremu ya mianzi. Baada ya mazishi ya kitaifa ya tarehe 8 Oktoba, mwili ulichomwa Kariokor, Nairobi, na majivu yakazikwa katika taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi yenye jina lake.

Uchomaji wa maiti ni desturi ya siku nyingi kwa Wahindu nchini Kenya, na zipo familia nyingine zinazouchagua. Swali linalofuata ni moja: majivu yapelekwe wapi?

Ieleweke kwanza kwamba majivu hayo ni mifupa iliyosagwa baada ya mwili kuteketea kwa joto kali. Ya mtu mzima huwa na uzito wa takriban kilo 2 hadi 3, na sehemu kubwa ni fosfeti ya kalsiamu na chumvi. Hayaozi wala hayaenezi maradhi. Hata hivyo si mbolea, ingawa wengi huamini hivyo. Wingi wa chumvi na alikali hudhuru mizizi, na mche uliopandwa juu yake moja kwa moja hudumaa au hukauka. Ni huzuni ya pili kwa wafiwa kuona mti wa kumbukumbu ukinyauka. Anayetaka kupanda mti ayachanganye majivu na udongo mwingi pamoja na mboji, ayaweke mbali kidogo na mizizi, kisha amwagilie maji mara kwa mara. Mti wa kienyeji unaolifaa eneo hilo ndio bora.

Chombo nacho kina uzito wake. Chungu cha udongo kisichochomwa, au kasha la karatasi, humeng'enyuka ardhini. Plastiki na chuma hubaki.

Kwa wanaoyapeleka majini, mto uwe unatiririka na mahali pawe mbali na panapotekwa maji ya kunywa. Uingereza hushauri umbali usiopungua kilomita 1 juu ya sehemu hiyo. Marekani huagiza majivu yamwagwe baharini umbali wa maili 3 za baharini kutoka pwani, yaani kilomita 5.5 hivi. Maua hayana tatizo, ila nyuzi za nailoni na vifungashio virudi nyumbani.

Vilele vya milima viepukwe. Nchini Scotland watu walishaombwa wasimwage majivu huko, kwa kuwa fosfeti hurutubisha udongo ambao mimea yake imezoea uhaba wa rutuba.

Ardhi isiyo ya familia huhitaji idhini ya mwenyewe. Hata shamba la ukoo huweza kuuzwa. Ni vyema ndugu wakakubaliana mapema iwapo wanataka majivu yachanganyike na udongo kabisa au yabaki chomboni, ambako yanaweza kuhamishwa.