Kisima Kimejibu, Lakini Kimejibu Swali Gani?

Dereva wa lori anayesimama Mikumi kula chakula kabla ya kwenda kuukabili mlima wa Kitonga huwa hafikirii bomba. Lakini lipo, limelazwa ardhini kufuata njia ileile ya kwenda Zambia. Ni bomba la TAZAMA, lililojengwa mwaka 1968, urefu wake kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Kwa zaidi ya miaka 50 mafuta ya ng'ambo yamepita mlangoni mwetu kwenda kwa jirani. Ndiyo maana swali ninaloulizwa mara nyingi, nikisema kazi yangu ni kusoma miamba, ni lile lile: na ya kwetu je, yako wapi?

Swali hilo si la kijiweni tu. Jina la Kilosa, wilaya yenye Mikumi hiyo, limewahi kutajwa kwenye soko la hisa.

Mwaka 2012 kampuni ya Swala Oil & Gas ilipata, kwa mkataba wa kugawana mapato na TPDC, shirika la mafuta la taifa, kitalu kilichoitwa Kilosa-Kilombero, chenye zaidi ya kilomita za mraba 17,000. Mantiki ya kijiolojia ilikuwa nzuri. Uwanda wa Mkata, huo ambao mtalii huutazama akiwa juu ya gari la wazi akitafuta simba, ni kipande cha ardhi kilichodidimia kati ya Uluguru upande wa mashariki na milima ya Rubeho na Ukaguru upande wa magharibi. Bonde la Kilombero nalo limeteremka namna hiyo chini ya Udzungwa. Mabonde kama haya huweza kuwa na maziwa kwa muda mrefu, tope la maziwa likazikwa na viumbe vyake, likapikwa na joto la chini, likatoa mafuta. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ziwa Albert upande wa Uganda. Na mwezi Machi 2012, kisima cha Ngamia-1 kilipopata mafuta Turkana, kila mwenye kitalu ndani ya Bonde la Ufa alijiona jirani wa tajiri.

Kati ya Juni na Julai 2014 Swala iliuza hisa kwa Watanzania, Sh500 kila moja. Ilitafuta Sh4.8 bilioni, ikapata zaidi ya Sh6 bilioni, na Agosti ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwenye dirisha la kampuni changa. Ukitazama kalenda utaguna: Juni 2014 pipa la mafuta duniani lilikuwa juu ya dola 110. Januari 2015 lilikuwa chini ya dola 50. Walionunua walinunua kilele.

Walinunua nini hasa? Hapa ndipo mabishano ya wanahisa wa kampuni za utafutaji huanzia, na ndipo mengi yanapopotea. Mwenye hisa ya kiwanda cha bia amenunua bia inayouzwa leo. Mwenye hisa ya kampuni ya utafutaji amenunua nafasi. Tuseme wataalamu wamekadiria kuwa shimo lina uwezekano mmoja kati ya mitano wa kukuta kitu. Mwenye matumaini husoma namba ya mapipa iliyoandikwa kwenye waraka. Mwenye shaka husoma ule mmoja wa mitano. Wote wawili wanasoma ukurasa uleule, na hakuna anayedanganya. Ila yule wa kwanza akisahau kuyagawanya mapipa yake kwa tano, amenunua kitu ambacho hakikuwa dukani.

Ili kuona jinsi matokeo yenyewe yanavyobishaniwa, itabidi twende baharini, maana huko ndiko visima vilikochimbwa kwa wingi. Kuanzia mwaka 2010, kampuni za Ophir Energy na BG zilichimba katika vitalu namba 1, 3 na 4, na Statoil, ambayo leo ni Equinor, ikachimba kitalu namba 2 ikiwa na ExxonMobil. Majina ya visima peke yake ni starehe. Upande wa Ophir na BG ni soko la samaki: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, Papa, Mkizi, Ngisi, Kamba. Upande wa Statoil ni jiko la pilau: Zafarani, Lavani, Tangawizi, Mdalasini, Giligilani. Kisima kimoja cha bahari kuu huweza kumeza dola milioni 100, na kwa siku zote za uchimbaji wanahisa wa London na Sydney hukaa wakisubiri aya chache za tangazo.

Tangazo hilo huandikwa kwa lugha yenye ngazi, na ngazi ya chini kabisa ni dalili. Wakati mashine inateremka, tope linazungushwa kisimani na kurudi juu likiwa na vipande vya mwamba na gesi kidogo. Vifaa vikinusa gesi, au vipande viking'aa chini ya taa maalumu, hizo ni dalili. Mtu wa Kilosa aliyewahi kuchimba kisima cha maji anaelewa: udongo ukianza kulowa unafurahi, lakini hujachota ndoo. Kampuni inayotangaza dalili tupu, bila neno la ziada, mara nyingi inakupa pole kwa upole.

Ngazi inayofuata ni unene. Kisima kikifika chini, vyombo vya kupima umeme na mionzi huteremshwa kwa waya ili kujua mwamba upi una maji na upi una gesi au mafuta. Mafuta hayakai kwenye ziwa la chini ya ardhi, kama wengi wanavyodhani. Yanakaa kwenye vitundu kati ya punje za mchanga, kama maji ndani ya sifongo. Kwa hiyo tangazo linaposema mita kadhaa, uliza: ni mita zote kuanzia juu ya tabaka hadi chini, au ni zile zenye mchanga mzuri tu? Tofauti inaweza kuwa kubwa, na kampuni iliyobanwa na madeni hupenda namba ile ndefu.

Kenya imetoa mifano miwili ambayo ningependa ifundishwe. Septemba 2012 kisima cha Mbawa-1, nje ya pwani ya Kenya, kilichoongozwa na kampuni ya Apache, kilipata gesi yenye unene halisi wa mita 51.8. Kwa masikio ya mnunuzi wa hisa hiyo ni sherehe. Lakini hakuna aliyekwenda kujenga chochote, kwani lengo lilikuwa mafuta, na gesi peke yake kwa kiasi hicho, ndani ya maji marefu, haikulipa. Mwaka 2014 kisima cha Sunbird-1 kikaonyesha gesi ya mita 29.6 ikiwa juu ya mafuta ya mita 14. Pancontinental, mbia mdogo aliyeorodheshwa Australia, aliyatangaza kuwa mafuta ya kwanza kugunduliwa baharini kwenye pwani yote ya Afrika Mashariki. Mafuta yalionekana kweli. Na BG, aliyekuwa akikiendesha kisima, hakukiendeleza. Hilo nalo ni kweli. Mbia mdogo anahitaji habari ili auze hisa mpya mwaka ujao. Mbia mkubwa anahitaji faida ili asifukuzwe na bodi. Kisima ni kimoja, wasomaji wawili.

Juu zaidi kwenye ngazi kuna jaribio: kisima kinafunguliwa kwa muda ili gesi ijitokeze yenyewe na ipimwe. Mimi binafsi hadi nifike hapa huwa sibishani na mtu. Kampuni ya Aminex ilifanya hivyo kwa Ntorya-1, huko Mtwara, mwaka 2012, na tena kwa Ntorya-2 mwaka 2017, ambako gesi ilitoka kwa kasi ya futi za ujazo milioni 17 kwa siku. Huo ni ushahidi, si ndoto. Hata hivyo leseni ya kuendeleza Ntorya ilitolewa mwaka 2024, miaka 12 baada ya kisima cha kwanza, ingawa mitambo ya kusafishia gesi ya Madimba haiko mbali, ni bomba la kilomita zipatazo 34 tu. Mwanahisa aliyenunua siku ya jaribio la kwanza akiwa na mtoto wa chekechea, mtoto huyo alikuwa anakaribia kumaliza sekondari leseni ilipotoka.

Sasa tuje kwenye namba ambayo kila Mtanzania ameisikia: futi za ujazo trilioni 57.54. Hiyo ni gesi iliyomo ardhini, na zaidi ya trilioni 47 ziko chini ya bahari kuu. Neno la kushika ni "iliyomo". Si yote itakayotoka, kwa sababu sehemu ya gesi hubaki imenaswa mwambani. Na ile inayoweza kutoka haihesabiwi kuwa akiba mpaka kuwe na mpango wa kuitoa, mnunuzi, na bei inayolipa. Wanasiasa wetu hunukuu namba ya kwanza kana kwamba iko ghalani. Siwalaumu sana, kwa sababu hata masoko ya London yalifanya hivyo.

Mwezi Novemba 2013 Ophir iliuza asilimia 20 ya vitalu 1, 3 na 4 kwa Pavilion Energy ya Singapore kwa takriban dola bilioni 1.288. Waliosema gesi ya Tanzania ni dhahabu walikuwa na stakabadhi mkononi. Kisha mambo yakageuka. Kisima cha Tende-1, katika kitalu cha East Pande, kikaishia kwenye dalili bila gesi ya kibiashara. Bei ya mafuta ikaporomoka. Shell akainunua BG mwaka 2016, na mradi wa kusindika gesi Lindi ukawa wa kusubiri mazungumzo baada ya mazungumzo. Mwaka 2019 Medco ya Indonesia ikainunua Ophir yote kwa kama dola milioni 500. Kampuni nzima, pamoja na visima vyake vya Asia na asilimia 20 iliyobaki katika vitalu vya kwetu, kwa chini ya nusu ya bei ambayo sehemu kama hiyo iliuzwa miaka sita kabla.

Gesi haikuondoka. Pweza na Jodari wako palepale walipolala. Januari 2021 Equinor nayo ilifuta kwenye vitabu vyake dola milioni 982 za mradi wa Tanzania, na hapo mijadala ikawaka: wengine wakasema kumbe gesi haipo, wengine wakasema wazungu wametususia. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyesoma alichosoma mhasibu. Mhasibu alijiuliza kama fedha itarudi ndani ya muda na kwa bei anayoiona, akajibu hapana. Kisima kilijibu swali la kama gesi ipo, na hicho ndicho pekee kisima hujibu. Swali la itoke kwa kasi gani hujibiwa na jaribio. Swali la nani atainunua, kwa bomba au meli gani, kwa mkataba upi na Serikali, hujibiwa mezani, na meza haina kipimo cha futi. Watu wanapobishana juu ya matokeo ya uchimbaji, sikiliza kwanza kila mmoja anajibu swali lipi. Mara nyingi utakuta hawabishani kabisa, wanapishana kama mabasi mawili usiku.

Na Kilosa-Kilombero je? Swala walichukua data za mitetemo, wakachora shimo walilotaka kulijaribu, wakaliita Kito-1. Jina zuri, kwa Kiswahili kito ni jiwe la thamani. Lilipangwa katika bonde la Kilombero, kule utakakofika ukitoka Mikumi kwa njia ya Kidatu na Mang'ula hadi Ifakara. Bonde hilo limeorodheshwa tangu 2002 miongoni mwa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ni makazi ya sheshe, swala wa majanini asiyepatikana kirahisi kwingine nchini, kwa hiyo tathmini ya mazingira haikuwa jambo la kugonga muhuri. Bei ya mafuta nayo ilikwisha kuanguka. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Mwaka 2018 kampuni iligeukia njia nyingine, ikanunua takriban asilimia 8 ya PanAfrican Energy, kampuni iliyokuwa ikizalisha gesi ya Songo Songo. Yaani kutoka kutafuta, ikaenda kwenye gesi iliyokwisha kupatikana, tangu kampuni ya Agip ilipoigundua mwaka 1974.

Sioni ubaya wa kibiashara katika uamuzi huo peke yake. Linalonisumbua ni kwamba aliyelipa Sh500 mwaka 2014 kwa ajili ya nafasi moja kati ya kadhaa ya kukuta mafuta Kilombero, hakupewa hata hiyo nafasi. Mchezaji bahati nasibu akikosa, angalau droo imechezeshwa. Kito-1 hakikuchimbwa. Mabishano yote yaliyofanyika, ya waliosema hisa itafika elfu na ya waliosema ni karatasi, yalifanyika juu ya shimo ambalo halikutobolewa hata mita moja, na kila bei iliyobandikwa ubaoni ilikuwa bei ya maoni.

Ikija kampuni nyingine na waraka wake, jambo la kwanza nitakalolitafuta humo si idadi ya mapipa. Nitafungua ukurasa wa fedha nione kama gharama ya kisima iko benki au iko mfukoni mwa mbia ambaye bado hajapatikana. Kisha nitaangalia mkataba unaitaka kampuni ichimbe lini, na ikipitisha tarehe hiyo inapoteza nini. Waraka huandikwa kwa Kiingereza kigumu na kurasa hizo huwa katikati, baada ya picha za mitambo na machweo.

Kwa yule wa kijiweni Kilosa anayeuliza kama chini ya Mkata kuna mafuta, jibu langu la kitaalamu ni kwamba miamba inaruhusu. Akiniuliza kama anunue hisa, namuuliza mtambo wa kuchoronga uko wapi leo.