Kusini Nako Kuna ya Kuonwa

Ikitajwa safari ya kuitazama nchi yetu, fikra za wengi huelekea kaskazini: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Hatuna ugomvi na sifa hizo, maana zimestahili. Tunachokipinga ni dhana kwamba aliyekwisha fika kaskazini ameimaliza nchi.

Ukisimama Lisekese, mjini Masasi, huna haja ya kuambiwa kwamba upo mahali pa pekee. Vilima vya mawe matupu vimechomoza kutoka katika nchi tambarare, kimoja huku na kingine kule. Kutoka hapo njia ya Newala hupanda hadi uwanda wa juu wa Makonde. Ukingoni mwake, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ardhi hukatika ghafla, na macho huteremka kuelekea bonde la Ruvuma na Msumbiji iliyo ng'ambo. Lakini uzuri huo umekuwa na gharama yake. Mchanga wa uwanda huinywa mvua, hata vizazi vya akina mama vikalazimika kushuka mabondeni kufuata maji na kupanda tena na mitungi kichwani.

Ndugu zetu wa Visiwani wanayo sababu yao ya kufika huku. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyejenga kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakafanya makazi Masasi. Basi Mzanzibari aendaye Masasi haendi ugenini; anaifuata njia ya historia yake mwenyewe. Na safari si ya mateso kama zamani, kwani tangu mwaka 2003 Daraja la Mkapa limemwondolea msafiri adha ya kivuko cha Rufiji.

Utamaduni nao una mashaka yake. Vinyago vya kuvaa, ambavyo Wamakonde huvitumia katika ngoma za jando na unyago, vimesakwa na wageni kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akikusanya vitu vya makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kikaonekana Geneva, na hakikurejeshwa hadi mwaka 2010. Ikiwa walio mbali wanaijua thamani ya vitu hivi, sisi wenyewe tunangoja nini?

Kwa hiyo tunawaomba wahusika serikalini wafanye mambo matatu. Kwanza, vivutio vya Masasi na Newala vitangazwe sambamba na vya kaskazini. Pili, vijana wa huko wafundishwe kazi ya kuongoza wageni, ili faida ibaki vijijini. Tatu, habari za vinyago na ngoma ziandikwe maadamu wazee wanaozijua wangali hai. Hata hivyo, si kila ngoma ni ya kutazamwa na mgeni. Wazee ndio wawe na kauli ya mwisho.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya kusini tunayo. Daftari ndilo linalongojwa.