Filamu ya Voi Haisafishwi kwa Dakika za Ulaya

Katika arusi zetu za pwani, na hata huku Voi, siku ya kupamba ni siku ya wanawake. Bibi arusi huketishwa akatazamwa na wenzake, na mwanamume haingii. Picha zinazopigwa siku hiyo ni amana. Wazee wengi hawaridhii filamu ya mabinti wao ipelekwe dukani ikashikwa na kutazamwa na watu wasiowajua. Kwa ajili hiyo mimi, nikiwa mwanamke mwenye kamera, hutumia filamu nyeusi na nyeupe na kuisafisha mwenyewe nyumbani, mlango umefungwa.

Lakini kusitiri ni nusu tu ya amana. Nusu ya pili ni kwamba picha zitoke. Kupamba hakurudiwi kesho kwa sababu filamu imeungua. Basi swali linalomkabili kila mwenye kazi hii ni moja: filamu ikae ndani ya dawa dakika ngapi?

Mabingwa wa zamani walikuwa na jibu lao. Studio ya Parekh hapa Mombasa, ile ya akina Oza kule Unguja, na ya Omar Said Bakor kule Lamu, zote zilikuwa na chumba chao cha giza. Dakika walizijua kwa mazoea ya maji yao na joto la mji wao. Picha za rangi zilipoenea, kazi ikahamia kwenye mashine, na elimu ile ikaondoka na wenyewe. Aliyebaki leo hana mwalimu ila karatasi iliyotoka kiwandani.

JEDWALI NA MAHALI PAKE

Karatasi hiyo haisemi uongo. Chukua filamu ya Ilford HP5 Plus, inayopatikana hadi leo. Ukiisafisha kwa dawa ya ID-11 iliyochanganywa sehemu moja kwa moja ya maji, kiwanda kinasema dakika 13. Lakini soma mstari wote: dakika 13 katika joto la digrii 20. Nani hapa Voi amepata kufungua bomba mchana akatoa maji ya digrii 20?

Sisi Waislamu tusione ajabu jambo hili. Ratiba ya Ramadhani iliyopigwa chapa kwa ajili ya Mombasa ni sahihi, lakini ni ya Mombasa. Voi iko upande wa magharibi, na jua lake huchwa takriban dakika 4 baadaye. Taveta ni takriban dakika 8. Anayefuturu Taveta kwa saa ya Mombasa amekula jua likali juu. Ratiba haina kosa. Kosa ni kuihamisha bila kuipima.

Filamu nayo ni hivyo hivyo. Dawa ikipata joto hufanya kazi kwa haraka. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kwa kila digrii inayozidi 20, unapunguza kama sehemu moja ya kumi ya dakika zilizobaki. Zile 13 zikifika digrii 24 huwa kati ya 8 na nusu na 9, na katika digrii 27 huwa 6 na kitu.

Hapa pana siri yenye faida kwa watu wa joto. Dawa hiyo hiyo ikitumiwa bila kuongezwa maji, jedwali linasema dakika 7 na nusu kwa digrii 20. Katika digrii 27 zitashuka chini ya 4. Dakika zikipungua 5 ni hatari, kwa maana dawa haiwahi kuenea sawasawa, na picha hutoka na mawimbi. Kwa hivyo katika nchi ya joto, dawa iliyopunguzwa ukali kwa maji ndiyo rafiki.

MTUNGI

Njia nyingine ni ya bibi zetu. Maji yakilazwa ndani ya mtungi wa udongo hupoa kwa sababu mtungi hutoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Voi hewa yake ni kavu kuliko ya Mombasa, kwa hivyo mtungi wa Voi hupoza zaidi. Mimi hulaza maji usiku na kufanya kazi baada ya sala ya alfajiri, na kipimajoto changu mara nyingi huonyesha digrii 24. Maji ya dawa, ya kukatia dawa, ya haipo na ya kuoshea, yote yatoke mtungi mmoja. Joto likibadilika ghafla baina ya maji na maji, ngozi ya filamu huweza kukunjamana.

Ajabu ni kwamba kaunti ni moja lakini hali ya hewa ni mbili. Panda Wundanyi, juu ya milima ya Taita, utakuta ukungu na maji ya baridi. Mwenye kupanda na dakika zake za Voi atarudi na filamu iliyofifia. Na hata jua si moja. Jua kali la Voi hutenga weupe na weusi kama kisu, na filamu yake hupenda dakika chache zaidi ya hesabu kuzipunguza; mwanga wa ukunguni ni laini, na huhitaji dakika zake kamili au zaidi kidogo.

KANZU NA BUIBUI

Basi tutajuaje dakika zetu? Kwa kupima. Muweke mtu mwenye kanzu nyeupe kando ya mtu mwenye buibui jeusi, mwanga mmoja, upige filamu nzima ya picha ile ile. Gizani, ikate vipande vitatu. Kipande cha kwanza kisafishe kwa dakika za hesabu. Kikauke, ukitazame, kisha uamue la kufanya na cha pili.

Tazama mikunjo ya buibui. Ikiwa haionekani, dawa haina la kufanya. Mwanga uliingia kidogo kwenye kamera. Tazama na mikunjo ya kanzu. Ikiwa imezibwa ikawa bonge moja, dakika zilizidi. Ukitaka hakika, laza negativu juu ya gazeti hili unalosoma: pale penye weusi mwingi kabisa, maandishi yaonekane kwa taabu. Yakipotea kabisa, punguza. Yakionekana wazi mno, ongeza.

Kwa njia hiyo dakika zangu za jua la Voi, katika digrii 24, zilitulia kwenye 8. Sizitoi ziwe sheria. Kipimajoto chako si changu, na mkono wako wa kutikisa si wangu. Kiwanda kinashauri kupindua mkebe mara nne katika sekunde 10 za mwanzo wa kila dakika. Anayetikisa bila kukoma hupata filamu nzito kwa dakika zile zile. Na jihadhari na majedwali ya zamani: HP5 iligeuzwa ikawa HP5 Plus mwaka 1989, na dakika za filamu ya babu si lazima zimfae mjukuu.

Andika kila kitu daftarini: filamu, dawa, joto, dakika, na mahali. Daftari la kurasa kumi zilizopimwa Voi lina thamani kwa Voi kuliko kitabu kizima cha ng'ambo. Na ukiona binti ana hamu ya kazi hii, mwonyeshe daftari hilo ungali hai, maana kupamba kutakuwapo, na picha zake zitahitaji mkono wa kuaminiwa.